Nilivyomwozesha Mchumba Wangu Redioni

Juma lililopita mliniacha sebuleni kwa baba, mtaani Buyenzi, Bujumbura, chupa ya Fanta ya posa mkononi, wazee wa upande wa mchumba wangu Moubarak wakinitazama, nangojewa niseme neno moja tu. Najua mlivyobashiri. Wengine mlisema nitaitikia. Wengine, hasa akina mama wa sokoni, mlisema nitalia.

Nilisema, "Naomba nikatazame wali, nasikia unaungua."

Siku ile hatukupika wali. Nilipita jikoni, nikatokea uani, nikaruka ukuta na viatu mkononi, nikajificha kwa shangazi mpaka wageni walipochoka kungoja.

Kwa wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza, mimi ni Lubna binti Shakuru. Baba ni fundi wa magari. Mimi nina diploma, nina ulimi, na nina saa moja ya Kiswahili kila siku katika Redio Kivuko, kituo kidogo kilichopanga nyumba Kigobe, karibu na wakubwa wa serikali, kwa sababu umeme wa wakubwa haukatiki ovyo.

Moubarak ni wakala wa forodha bandarini. Ana sura, anaswali, ana pikipiki, na hajawahi kunipandishia sauti. Kosa lake ni moja. Siku moja aliniambia, kwa upole, kama mtu anayekupunguzia mzigo:

"Tukisha oana, redio utaacha. Muke wangu hawezi sikika na kila mutu."

Basi ikawa hivyo: mume au kipaza sauti. Mimi nilikwisha kuchagua. Nilichokosa ni namna ya kumwambia baba, maana Fanta ya watu ilikuwa imeshanywewa nyumbani kwake, na baba si mtu wa kurudisha chupa tupu.

Sasa tuendelee.

Asubuhi iliyofuata niliingia kazini nikijifanya hamnazo. Astère, fundi wetu wa mitambo, alinitazama magoti yaliyochubuka.

"Ukuta?"

"Ukuta."

"Bon. Kaa, tunapima sauti."

Niwaeleze kidogo. Huu mwaka wa 2004 redio yetu imeingiwa na wazimu wa kompyuta. Mkurugenzi wetu, Madame Adélaïde, ameamua tusikike kwenye mtandao, ili watu wetu waliotawanywa na vita, walioko Brussels na Kanada na kwingine kusikojulikana, wasikie habari za nyumbani kwa lugha ya nyumbani. Lakini kabla ya kufungua rasmi, lazima sauti ipimwe.

Inapimwa hivi. Mimi nazungumza Kigobe. Astère anaisukuma sauti yangu ndani ya kompyuta. Sauti inapanda kwenye sahani iliyo juu ya bati, inakwenda Ulaya, inazunguka huko, inarudi, inashuka kwenye saiba moja, yaani duka la intaneti, huko Kamenge, karibu na hospitali ya chuo kikuu. Humo anakaa rafiki yangu Sijaona, mhudumu wa saiba, amevaa visikizi. Anasikiliza, halafu anatuambia kwa simu sauti imefikaje.

Kwa maneno mengine, sauti yangu ilikwenda Ulaya na kurudi bila viza, ili ifike mahali ambapo mimi mwenyewe ningefika kwa miguu.

"Allô, Sijaona. Nasikikaje?"

"Kama uko ndani ya sufuria."

Astère akapunguza unene wa sauti. Ni lazima kuipunguza, la sivyo haipiti.

"Na sasa?"

"Sasa sufuria wameifunika."

Akaongeza kidogo.

"Hapo iko muzuri. Lakini kuna kitu kinafanya to-to-to. To-to-to-to."

Astère akaruka. Akashika nyaya, akanusa kompyuta, akapiga magoti chini ya meza. Mimi nikafungua dirisha, nikasikiliza milima.

"Toka huko chini," nikamwambia. "Hiyo si mitambo. Wanapigana kule juu."

"Ah, bon?" Akakaa, akafuta jasho. "Basi mitambo mizima."

Tuliendelea hivyo muda mrefu, mimi nikisoma taarifa ile ile ya asubuhi mpaka midomo ikafa ganzi. Kila nikimaliza, Sijaona anasema imefika yote. Astère akaanza kumshuku. Akaniashiria niendelee kusoma, kisha yeye akachomoa waya, taratibu, mchana kweupe.

"Allô, Sijaona. Hii nayo umeisikia?"

"Yote. Muzuri kabisa."

"Sijaona, nilikuwa nimekata waya."

Kisha akasema, bila aibu, "Sasa mi nifanye nini? Ilipokatika niliendelea mwenyewe mu kichwa. Nimeisikia tangu asubui, naijua kuliko Lubna!"

Astère akashika kichwa. Akanigeukia. "Mtu akishajua maneno, sikio lake linajaza mashimo. Msomee kitu hajakisikia. Kiwe na majina mengi, majina hayakisiwi. Tunga tangazo. Watu wa nje watataka hayo: nani amekufa, nani ameoa."

"Vifo situngi," nikasema. "Tunavyo vya kutosha."

"Basi harusi."

Hapa ndipo mnaponingojea, najua. Mnataka kujua kwa nini nilitaja majina mtakayoyasikia sasa hivi. Nitawaambia. Asubuhi yote Sijaona alikuwa hanipi nafasi kwenye simu. "Na ule wa pikipiki? Ulimuacha na Fanta yake?" Anacheka. "Masikini. Mwanaume muzuri vile, unamukimbia kama polisi." Anacheka tena, lakini kicheko chake kinakatika mapema. Mimi nilidhani ana usingizi. Nikasema huyu leo nitamwamsha.

Nikakohoa, nikavaa sauti yangu ya Ijumaa:

"Ukoo wa Mzee Sulemani, wa Buyenzi na Brussels, una furaha kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki, walioko nchini na walioko ugenini, kwamba kijana wao Moubarak, wa bandarini, anamwoa Bi Sijaona binti Radjabu. Ndoa itafungwa Ijumaa ijayo, baada ya sala, hapa Bujumbura. Nyote mnakaribishwa. Mlio mbali, wasomeeni Fatiha huko huko mliko."

Mzee Sulemani ni baba mkubwa wa Moubarak, na ndiye mwenye kauli ya mwisho katika ukoo wao tangu baba yake Moubarak afariki. Nilimtaja kwa sababu tangazo lisilo na mzee halinogi. Nilikuwa najaribu mitambo, lakini sijui kufanya kazi mbovu.

Tukangoja nusu dakika, maana sauti ina safari ndefu. Simu haikulia. Astère akapiga mwenyewe.

"Sijaona? Imefika?"

"Imefika."

"Rudia tusikie."

Akarudia. Neno kwa neno, jina kwa jina, mpaka Fatiha. Hakuacha hata "jamaa na marafiki". Ila alisema polepole, kama mtu anayebeba beseni lililojaa maji.

"Ilikatika wapi?"

"Haikukatika."

Astère akanionyesha dole gumba. Nikashika simu nimcheke rafiki yangu, lakini akaniwahi.

"Lubna. Soma tena."

"Kwani hukusikia vizuri?"

"Nilisikia. Soma tu."

Nikasoma tena. Ningekuwa na akili ningeuliza kwa nini. Nilikuwa na diploma tu.

Alasiri nilirudi Buyenzi, nimejiandaa kupambana na baba. Nikamkuta ameinamia injini ya Toyota. Akanyanyuka, akafuta mikono kwa kitambaa, akanisogezea kigoda. Baba hajawahi kunisogezea kigoda.

"Salaam alaykum, baba."

"Wa alaykum salaam. Kaa kwanza, usije ukaanguka." Akasafisha koo. "Mwanangu, Moubarak anaoa."

"Anaoa nani?"

"Yule Sijaona wa kompyuta."

Nilikuwa nimekaa, lakini karibu nianguke hivyo hivyo.

"Nani kasema?"

"Brussels."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mzee Sulemani ana duka la kadi za simu Brussels, na dukani kwake hukaa nusu ya Buyenzi iliyokimbia. Mchana ule waliisikia harusi hiyo redioni, mara mbili, tena kwa sauti safi. Mzee akampigia simu mama yake Moubarak, Bi Assia: "Shemeji, mnamuoza mutoto wetu, mi nasikia ku redio kama mutu wa pembeni?"

Sasa nisikilizeni vizuri. Bi Assia alikuwa hajui lolote, na posa yangu alikuwa hajamwambia Mzee, akingoja kwanza nijibu. Lakini mama gani wa Buyenzi atakubali kwamba harusi ya mwanawe mwenyewe ameisikia kutoka Brussels? Angeweka wapi uso? Bi Assia akajibu bila kupepesa: "Ni kweli, shemeji, alhamdulillah. Tulitaka tuwafanyie surprise."

Na Mzee Sulemani akafanya kile tangazo lilichomwambia afanye. Alifunga duka, akawakusanya watu, akawatajia majina mawili, wakasoma Fatiha kwa pamoja na kuitikia amina. Huko kwao pilau ilikuwa imeshaliwa.

Nikatoka nje, nikampigia Astère.

"Nani mwingine alikuwa anatusikiliza leo?"

"Ah." Nikasikia akimeza mate. "Duka la Sulemani. Sauti haiwezi kupimwa na sikio la Kamenge peke yake. Niliwapa anwani ya mtandao. Nilisema ku réunion."

"Mkutano upi?"

"Ile ulikosa. Ulikuwa unaposwa."

Yeye akaongeza kwa furaha, "Na wametuma jibu! Wanasema sauti ni nzuri sana. Kama uko ndani ya duka."

Mngenitaka nikimbilie kwa baba nikaseme ukweli papo hapo. Nilikusudia, wallahi. Lakini niliporudi ndani nikakuta majirani wamejaa. Wamekuja kunipa pole.

"Wanaume ndivyo walivyo, mwanangu."

"Alikuja hapa akanywa Fanta, kumbe moyo uko Kamenge!"

"Na huyo Sijaona, rafiki gani huyo?"

Nikainamisha kichwa, nikatia huzuni usoni. Walinipa sambusa. Walinipa kashata. Nikala kwa majonzi makubwa. Na walipoondoka, baba akanishika bega, akasema maneno niliyokuwa nayangoja mwaka mzima:

"Achana nao. Baki na redio yako. Sitakuletea mtu tena mpaka utake mwenyewe."

Usiku huo nililala kama mtoto aliyenyonya. Kipaza sauti changu kilikuwa salama.

Kesho yake alasiri pikipiki ikanguruma nje.

Moubarak aliingia, akavua kofia, akamsalimia baba kwa adabu zote, akakaa. Hakunitazama.

"Mzee, mi sikuposa Sijaona. Nilileta wazee hapa. Walishika mlango hapa, irembo ya kuposa, vile watu wanafanya. Fanta tulikunywa hapa."

Baba akakunja uso. "Sasa harusi ya Sijaona imetoka wapi?"

"Muulize mwenye kusoma matangazo."

Baba akageuka. "Lubna."

Baba akiniita hivyo, jina tupu bila "mwanangu", hata injini huzima zenyewe.

"Ilikuwa ya kujaribu, baba. Tulikuwa tunapima sauti."

"Sauti," akasema baba, "imepimika."

Moubarak akainua kidole, bado kwa upole, na upole wake ndio unaoniudhi. "Nimemupigia baba mukubwa simu. Haniamini. Anasema nimeogopa, nataka kukimbia Fatiha. Anasema redio imesema, na mama amesema, mi ni nani? Mama naye amenifungia mulango, hataki kuonekana muongo mbele ya shemeji yake. Sasa redio ile ile ndiyo itengeneze. Lubna aseme alikosea, aombe msamaha, mara mbili, vile alisoma mara mbili. Kisha mambo yetu yaendelee pale yalibakia."

"Yaendelee?" nikauliza.

"Mi sijakuacha," akasema, kama ananipa zawadi.

Baba alikwisha kusimama. "Kesho asubuhi. Nitakwenda mwenyewe nikusikie."

Nikabaki nimetoa macho. Nikiomba msamaha, harusi ya Sijaona inafutika, yangu inafufuka, na redio naiacha. Nikamwaza Madame Adélaïde. Huyo ananipenda, nikajiambia. Huyo atanikinga.

Asubuhi, Kigobe, Madame alinipokea mlangoni. Hakuwa na tabasamu.

"Écoute, sikiliza, Lubna. Nimepokea simu nne za Brussels, wanauliza kama harusi ni ya kweli." Anazungumza Kiswahili kama anayevuka barabara, akitazama kushoto na kulia. "Unajua kwa nini tunafungua redio hii? Kuna watu huko hawajui kama mama yao yuko hai. Juma lijalo tutawaambia barabara fulani iko salama, tarafa fulani imetulia, rudini. Sasa niambie. Wakijua tuliwadanganya harusi, wataamini hiyo barabara?"

Nawaambia ukweli: katika watu wote waliosema nami juma hili, huyo peke yake alinifunga mdomo.

"Utasahihisha, na utaomba msamaha. Kama hutaki, visikizi weka mezani, nitampa mwingine saa yako."

Mnaona mtego? Nikiomba radhi, naolewa na kuacha redio. Nisipoomba, nafukuzwa na kuacha redio. Baba na Moubarak walikuwa wameshakaa kwenye benchi nyuma ya kioo cha studio, wote wawili wamekunja mikono, kama watu waliokuja kumpokea mgonjwa.

Nikatoka ukumbini nipumue. Nikamkuta Sijaona amesimama hapo, kitenge kipya kiunoni, jasho limemtoka. Alikuwa amefunga saiba ya watu na kuja mbio.

"We! Na wanafunzi wa mtandao?"

"Wasome vitabu." Akanivuta pembeni. "Ni kweli unaenda kuomba msamaha?"

"Ndivyo wanavyotaka. Sijaona, naomba uelewe, nilikuwa nakutania, sikujua kama..."

"Jana jioni Moubarak alikuja Kamenge."

"Kwako? Kufanya nini?"

"Kunigombeza. Alikuja na hasira mingi, alisema tumefanya mupango sisi wawili. Nikamuambia akae, agombeze akiwa amekula. Nilikuwa na ndagala na ugali wa muhogo."

"Akala?"

"Mara mbili."

"Halafu akagombeza?"

"Apana. Akauliza kama kesho napika."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akashika ncha ya kitenge, akaizungusha kidoleni.

"We unaniuliza sababu gani nilisema usome tena. Haukuniuliza, lakini najua utaniuliza. Jina langu lilishasomwa ku redio mara moja tu. Mwaka ule watu wa Buyenzi walitawanyika. Mi nilifika Uvira, Kongo, na watu sijui ni nani, nikiwa mutoto. Siku moja, mu redio ya mutu, nikasikia: Sijaona binti Radjabu anatafutwa na bibi yake. Ndipo nikajua kuna mutu wangu bado anapumua." Akaiachia ncha ya kitenge. "Na sasa mara ya pili, ni kwa harusi. Hata kama ni ya kujaribu. Nilitaka tu niisikie tena."

Nikamshika mkono, mimi niliyesoma jina hilo kwa kumtania.

"Waambie ukweli," akasema. "Ulitunga, ulikuwa unapima mitambo, sema. Mi siogopi ukweli. Lakini usiseme samahani, Lubna. Bibi anasikiliza. Bi Assia amekuja kwetu jana, amekaa na bibi mukeka moja. Ukisema samahani, basi kosa ni mi. Mi ndiye kitu unaombea watu msamaha."

Mlango wa studio ukafunguka. Astère akatoa kichwa. "Tuko tayari. Brussels wako. Wamejaa duka."

Tukaingia wote. Na hapa mtazameni Moubarak. Alipomwona Sijaona, alisimama haraka mpaka kofia yake ya pikipiki ikabingirika sakafuni. Hakuiokota. Akavuta kiti, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati lake jeupe, akamsogezea.

Nilikuwa mchumba wake mwaka mzima. Sijawahi kuvutiwa kiti.

Baba aliona. Baba anajua gari linalotaka kwenda na gari linalosukumwa. Alimtazama Moubarak, akatazama kiti, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akakunjua mikono.

"Mzee," Moubarak akaanza, "mi sijakuja kwa..."

"Nyamaza, kijana. Fanta ni Fanta. Fatiha ni kitu kingine." Kisha akanigeukia. "Lakini na wewe, umedanganya watu. Radhi utaomba."

"Voilà," akasema Madame Adélaïde. Alikuwa amesimama karibu na Astère, mkono juu ya swichi ya kunizima. "Sahihisha. Omba msamaha. Ukikosa kimoja, nazima, na unakwenda nyumbani."

Nikavaa visikizi. Vilikuwa vizito kuliko siku zote. Nilimtazama Sijaona nyuma ya kioo. Alikuwa amefumba macho, kama anavyofanya akitusikilizia sauti.

Astère akainua kidole. Akakishusha.

"Assalaam alaykum nyote mlioko Brussels, na kokote mliko. Hapa ni Redio Kivuko, Bujumbura. Mimi ni Lubna binti Shakuru. Tangazo la harusi mlilolisikia juma hili nilitunga mimi, peke yangu, kwa kupima mitambo. Hakuna aliyenituma. Moubarak hakujua, Sijaona hakujua. Huo ndio ukweli, nanyi mna haki nao, na siku nitakayowaambia barabara iko salama, itakuwa salama."

Madame akatikisa kichwa kukubali. Mkono bado uko juu ya swichi.

"Fatiha mliisoma nyinyi, kwa nia njema, na mliowasomea wako hapa mbele yangu. Mmoja amemvutia mwenzake kiti. Kama watafunga ndoa au hawatafunga, wataulizwa wao. Mimi si mchumba wa mtu."

Moubarak akafungua mdomo. Baba akaufunga kwa jicho.

"Sasa wenye mamlaka ya kunizima wamesimama hapa, wanangoja nimalizie kwa kuwaombeni msamaha, kwamba nililisoma jina la Sijaona binti Radjabu hewani, mara mbili, likafika salama. Baba yangu anangoja. Mkurugenzi wangu anangoja."

Nikamwona Madame akikaza kidole kwenye swichi. Nikasogea karibu zaidi na kipaza sauti.

"Siombi."